Antena ya Jirani na Kamera Yako: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nafunga kamera za ulinzi hapa Dar es Salaam: maduka ya Kariakoo, nyumba za kupanga Sinza na Mwananyamala, mageti ya Mbezi. Zamani wateja waliniuliza mambo mawili tu, bei, na kama kamera inaona usiku. Siku hizi limeongezeka la tatu, limeletwa na ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: eti mtu mwenye antena anaweza kukaa chumba cha pili akaiona picha ya kamera yako, bila waifai, bila paswedi, bila kugusa kitu. Nimechoka kulijibu nikiwa juu ya ngazi na drili mkononi, ndiyo maana naandika hapa. Ukikuta jibu moja refu na lingine sentensi mbili, ndivyo maswali yenyewe yalivyo.

Fundi, hili ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

Ni kweli. Aliyerekodi ule ujumbe wa sauti alitia chumvi nyingi, lakini kitoweo kipo.

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan na Northeastern vya Marekani, pamoja na Zhejiang cha China, walitoa kazi waliyoiita EM Eye. Walichukua vifaa 12 vya kawaida vinavyouzwa madukani, vikiwemo simu, kamera za ndani ya nyumba na kamera za kwenye dashibodi ya gari. Wakaweka antena pembeni, wakaiunganisha na redio inayoendeshwa na kompyuta, na wakaipata picha iliyokuwa ikionwa na kamera wakati huohuo. Hawakuingia kwenye mtandao wa mtu wala hawakuvunja paswedi. Walichofanya ni kusikiliza.

Kusikiliza nini? Kamera haina sauti.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukishalielewa hili mengine yote yanajileta yenyewe.

Chukua redio ndogo ya betri, ile ya kusikilizia mpira. Iweke kwenye mawimbi ya kati, sehemu isiyo na stesheni. Sasa isogeze taratibu kwenye chaja ya simu iliyochomekwa, au kwenye taa ya LED ya bei nafuu. Utasikia inaanza kukoroma. Ukiisogeza mbali inanyamaza, ukiirudisha inakoroma tena. Chaja haina nia ya kurusha matangazo, ila ndani yake umeme unawashwa na kuzimwa mara maelfu kwa sekunde, na umeme unaobadilika haraka ndani ya waya hutoa mawimbi ya sumakuumeme, upende usipende. Redio yako imeyanasa.

Sasa twende kwenye kamera. Nimefungua nyingi, na ndani karibu zote zinafanana. Nyuma ya lenzi kuna sensa, kidude cha mraba kidogo kuliko ukucha, ndicho kinachogeuza mwanga kuwa namba. Kuna chipu kubwa inayozipokea namba hizo. Katikati yake, mara nyingi, kuna fleksi: ule utepe mwembamba wa waya ambao mafundi simu wanaujua vizuri kwa sababu ndio unaokatika ukifungua vibaya. Urefu wake ni sentimita chache tu.

Pigeni hesabu pamoja nami. Picha ya kiwango cha 1080 ina nukta 1,920 kwa mlalo na 1,080 kwa wima, jumla nukta 2,073,600. Kamera ikipiga picha 30 kwa sekunde, zinapita nukta zaidi ya milioni 62 kila sekunde. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 10, yaani sifuri na moja kumi, utepe ule unabeba biti zaidi ya milioni 620 kwa sekunde. Kila biti ni umeme kupanda au kushuka. Chaja ilikoroma kwa kuwashwa na kuzimwa mara maelfu. Hapa tunazungumzia mamia ya mamilioni. Utepe unageuka antena bila mtu kuuomba.

Na namba hizo zinapita kwa foleni: mstari wa kwanza wa picha kutoka kushoto kwenda kulia, wa pili, wa tatu, hadi chini, halafu picha inayofuata inaanza upya. Foleni haibadiliki. Anayenasa mawimbi akishajua mstari mmoja unachukua muda gani, anaupanga chini ya mwenzake kama mshona mikeka anavyounganisha ukili, na picha inajitokeza.

Lakini boksi la kamera yangu limeandikwa kuwa picha zinasimbwa, yaani zinageuzwa fumbo. Si ndiyo kinga?

Kinga ipo, ila inaanza kufanya kazi mbele ya safari. Usimbaji fiche unafanyika kwenye chipu, kabla picha haijatumwa kwenye waifai au kuhifadhiwa. Kwenye utepe kati ya sensa na chipu, namba zinapita uchi.

Ni kama kumnong'oneza karani maneno ya barua ya siri. Karani ataiandika, ataitia kwenye bahasha na kuigonga lakiri, na kweli tarishi hataweza kuisoma. Lakini kama dirisha lilikuwa wazi ulipokuwa unanong'ona, lakiri haikusaidii kitu.

Kwa sababu hiyohiyo, kubadilisha paswedi ya waifai hakugusi tatizo hili hata kidogo. Badilisha hata hivyo, tutafika huko.

Anayesikiliza anatakiwa awe umbali gani?

Katika majaribio yale umbali ulianzia kama sentimita 30 na kufika meta 5, kutegemea kifaa. Simu zilivuja kwa umbali mfupi, kwa kuwa ndani ya simu vitu vimebanana na nyaya ni fupi. Baadhi ya kamera za nyumbani ndizo zilizofika mbali.

Ukisoma "meta 5" ukiwa mtu wa nchi yenye nyumba iliyozungukwa na bustani, unapumua. Mtu atakayekukaribia meta 5 keshaingia uani kwako. Sasa ilete hiyo meta 5 Mwananyamala.

Mwaka jana niliitwa na mama mmoja anayekaa nyumba ya vyumba sita, korido katikati, vitatu huku na vitatu kule. Alitaka kamera ndani ya chumba chake, juu ya televisheni, kwa sababu vitu vilikuwa vinapungua akienda sokoni. Ukuta wenye televisheni ni ukuta wanaochangia na jirani. Nikamwomba jirani ruhusa, nikapima kwa futi ya chuma: kutoka pale mama alipotaka kamera hadi kichwani kwa kitanda cha jirani ni meta moja na sentimita themanini.

"Mama," nikamwambia, "mwenye antena hahitaji kutoka kitandani."

"Jirani yangu anauza mihogo, mwanangu. Antena ataitoa wapi?"

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi. Jirani yule hana shida na mtu. Ila jirani huhama, mpangaji mpya akaja, na kamera itabaki ukutani miaka mitano. Tuliihamishia ukuta wa upande wa uani, juu ya mlango, ikitazama mlango wenyewe na kabati. Umbali hadi chumba cha jirani ukapita meta 4, na kitanda cha mama hakionekani tena kwenye picha. Lile la pili ndilo lililonifurahisha zaidi.

Ukuta hauzuii?

Unapunguza, hauzuii. Ukuta wa tofali za saruji wenye nondo unapunguza zaidi kuliko wa jipsamu au mbao. Kwenye maofisi ya mjini yaliyogawanywa kwa jipsamu au kioo, uhesabu kama hakuna ukuta.

Mfano ni wa skrini, si kamera: mwaka 2004 mtafiti Markus Kuhn wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kuwa picha ya skrini ya laptop ilinaswa kutoka meta 10, ikiwa imepita ofisi mbili katikati, yaani kuta tatu za jipsamu. Kama una kampuni kwenye ghorofa la Posta na umepanga nusu ya sakafu, jiulize nusu nyingine imepangwa na nani.

Picha anayoipata ni safi kama yangu?

Hapana. Wanaokumbuka televisheni za kabla ya ving'amuzi, kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012, watanielewa haraka: ni picha yenye chenga. Rangi zimepotea au ni za uongo, mahali penye mwanga panaweza kuonekana peusi, na kuna mistari inayokatiza. Sababu ni kwamba nguvu ya mawimbi haifuati mwangaza moja kwa moja. Inafuata jinsi biti zinavyopanda na kushuka, na rangi mbili zinazofanana machoni zinaweza kuandikwa kwa biti tofauti kabisa.

Msijifariji sana. Watafiti walipitisha picha hizo kwenye programu ya akili mnemba iliyofundishwa kuzisafisha, zikaeleweka vizuri zaidi. Na ukweli ni kwamba mwizi hahitaji picha nzuri. Anahitaji kujua kuna mtu ndani au hakuna, na kwa hilo chenga zinatosha.

Vifaa vinauzwa wapi, na bei gani?

Duka sitakutajia. Kwa jumla ni antena yenye kuelekea upande mmoja, amplifaya ya kukuza mawimbi dhaifu, redio ya kompyuta na laptop. Redio ya kompyuta ya bei ya chini kabisa ni kijiti cha USB kinachouzwa dola 30 hivi mtandaoni, na watu wengi wanacho kwa kazi halali kama kufuatilia ndege angani. Kwa kazi ya kunasa kamera hicho ni chembamba mno, kinapokea ukanda mdogo wa mawimbi kwa wakati mmoja. Vinavyofaa ni mamia ya dola na kupanda.

Ghali kuliko vyote ni kichwa cha mtu. Ni lazima ajue kamera ni ya aina gani, inavuja kwenye masafa gani ya mawimbi, mstari unachukua muda gani, kisha akae pale na subira. Vibaka wa mtaani kwetu hawana mpango huo. Anayeweza kuugharimia ni mtu mwenye sababu kubwa: mshindani wa biashara, mtu mwenye kesi na wewe, au mpelelezi. Kama wewe ni wakili, mwandishi wa habari, au unafunga mikataba mikubwa mezani, swali hili ni lako kuliko la yule mama wa Mwananyamala.

Hili jambo ni jipya?

Kwa kamera ndiyo, kwa vifaa vingine ni la zamani kuliko baba yangu.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, maabara ya Bell ya Marekani ilikuwa na mashine ya kusimba ujumbe wa kijeshi. Mtaalamu mmoja akagundua kwamba kila mashine inapopiga hatua, kifaa cha kupimia kilichokuwa upande wa pili wa maabara kinaruka. Wakajaribu kutoka jengo jingine, umbali wa futi 80 hivi, wakaweza kusoma karibu robo tatu ya ujumbe uliokuwa ukisimbwa. Mashine ilikuwa inaficha siri kwa mkono mmoja na kuimwaga kwa mwingine. Kutoka hapo jeshi la Marekani likawa na somo zima la kuzuia uvujaji huu, likajulikana kwa jina TEMPEST, na kwa miaka mingi lilikuwa siri.

Mwaka 1985 Mholanzi Wim van Eck akaanika hadharani kuwa skrini za kompyuta za wakati ule zinaweza kusomwa kwa mbali kwa televisheni ya kawaida iliyoongezewa vikorokoro vya bei ndogo. Watu waliokuwa wanadhani ni kazi ya majasusi peke yao walishtuka. Mwaka 2024, mwaka uleule wa kamera, watafiti wa Uruguay wakatumia akili mnemba kusoma maandishi kutokana na mawimbi ya waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye skrini.

Ukiangalia mfululizo huo utaona kitu kimoja: kila kizazi cha vifaa kinatengenezwa na watu wanaofikiria paswedi, na waya unasahauliwa.

Nikizima kamera kwenye aplikesheni, nimepona?

Inategemea "kuzima" kwa kamera yako maana yake nini. Aina nyingine, ukibonyeza kuzima, sensa inalala kweli. Nyingine inaacha kurekodi na kutuma tu, ila sensa inaendelea kumwaga picha kwenye utepe, chipu inazipokea na kuzitupa. Kwa anayesikiliza utepe hakuna tofauti yoyote. Kutokuwa na memori kadi pia hakusaidii, kwa sababu picha inavuja kabla ya kuhifadhiwa.

Kinachosaidia ni vitu viwili vya kizamani. Cha kwanza, chomoa waya wa umeme; pasipo umeme hakuna wimbi. Cha pili, funika lenzi. Sensa itaendelea kuvuja, ila itavujisha giza. Wateja wangu wengine wanatumia soksi ya mtoto. Mimi nasema ni vazi zuri kabisa la kamera.

Nikiizungushia foili ya jikoni?

Usifanye. Kamera itachemka, waifai itakata, na mwanya wa lenzi na wa waya utaendelea kuvujisha. Ngao ya chuma hufanya kazi ikiwekwa kiwandani, juu ya utepe wenyewe na ikiunganishwa vizuri na ardhi ya saketi. Foili ya kuokea samaki haina habari na mambo hayo.

Mimi natumia kamera za waya zenye DVR, ile mashine ya kurekodi, si za waifai. Niko salama?

Kwa uvujaji wa utepe wa ndani hamna tofauti. Kamera ya waya nayo ina sensa na chipu. Halafu una la ziada. Kamera za analojia zinapeleka picha kupitia waya wa koaksio, kama ule wa antena ya televisheni, ambao unaweza kuwa na makumi ya meta, ukipita juu ya dari, nje ya ukuta, wakati mwingine juu ya paa la jirani kwa sababu fundi alitafuta njia fupi. Picha ndani ya waya huo haijasimbwa. Anayefika kwenye waya hahitaji antena wala akili mnemba, anahitaji kisu na kiunganishi. Nimekuta Kariakoo waya wa kamera ya stoo umening'inia kwenye korido ya jengo, usawa wa bega, na mabegi yametundikwa juu yake.

Wapitishieni mafundi wenu jicho. Waya uingie kwenye bomba, na usipite kwa watu.

Zile kamera ndogo zisizo na waya za kizamani, zinazouzwa pamoja na kiskrini chake kwa ajili ya kuangalia mtoto, nyingine zinarusha picha hewani kwa analojia, wazi kabisa. Mwenye kiskrini cha aina hiyohiyo upande wa pili wa ukuta anaweza kumwona mtoto wako kwa bahati mbaya tu. Hizo sifungi.

Simu yangu je?

Ilivuja kwenye majaribio, ila mtu anatakiwa awe amekukaribia kuliko konda wa daladala. Endelea na maisha.

Nikinunua kamera, niulize nini dukani?

Muuzaji wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukimwuliza kuhusu ngao ya sumakuumeme atakuuliza kama unanunua au unapita. Boksi haliandiki. Kwa hiyo tumia macho: chagua yenye kifuniko cha lenzi kinachosogezwa kwa mkono, au inayogeuza uso wa lenzi ndani ya ganda lake ikizimwa. Chagua ambayo kampuni yake bado inatoa masasisho ya programu.

Suluhisho la kudumu liko kwa watengenezaji: kuziba utepe kwa ngao, kuufupisha, kuvurugavuruga namba kabla hazijapita ili foleni isitabirike. Njia ya mawasiliano inayotumiwa na kamera nyingi, MIPI CSI-2, matoleo yake ya karibuni yana uwezo wa kuvuruga data ili kupunguza mawimbi. Kama kamera ya bei ya kutupa inautumia uwezo huo, hiyo ni habari nyingine.

Sheria yetu inasemaje? Au mpaka umkute mtu na antena?

Hapa nilishangaa mwenyewe. Nilidhani sheria yetu haijafika huko, kumbe imefika zamani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 6, inayozungumzia kunasa mawasiliano isivyo halali, haikuishia kwenye data inayopita mtandaoni. Imetaja pia mawimbi ya sumakuumeme yasiyo ya umma yanayotoka kwenye mfumo wa kompyuta. Na kamera ya kisasa ni kompyuta yenye jicho. Anayekaa chumba cha pili akinasa utepe wako hawezi kujitetea kwamba "hewa ni ya wote".

Juu yake kuna Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hii mnaisahau nyinyi wenye maduka, hoteli na shule: picha ya mteja ni taarifa binafsi, na wewe uliyeikusanya una wajibu wa kuilinda. Ukivujisha, hutaweza kumtupia lawama jirani peke yake.

Ugumu ni ushahidi. Mtu anayesikiliza haachi alama yoyote kwenye kamera wala kwenye ruta. Huwezi kujua kama ulisikilizwa.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kamera yangu iko juu ya kaunta. Kuna tatizo?

Kuna tatizo, na wala si la antena kwanza. Simama pale anaposimama mteja, kisha angalia picha. Kama kamera inaona vidole vyake akiandika namba ya siri, basi namba za siri za mtaa mzima zimo kwenye DVR yako, kwenye simu yako, kwenye simu ya kijana wa dukani na kwenye simu ya fundi aliyekufungia. Kibanda cha wakala pia ni bati au mbao, na kibanda cha pili kimegusana nacho. Kati ya maeneo yote ninayoingia, hapa ndipo ningeipa antena nafasi ya kweli: umbali chini ya meta 2, ukuta hafifu, na kitu chenye thamani kwenye picha.

Geuza kamera imwone mteja uso na droo ya fedha, mikono ifichwe na ukingo wa kaunta. Ni kazi ya dakika kumi na bisibisi moja.

Nikilala gesti naweza kugundua kamera iliyofichwa kwa njia hii?

Ndiyo, na huu ndio upande mzuri wa uvujaji: watafiti wameutumia kutafuta kamera zilizofichwa, kwa sababu kamera iliyojificha kwenye saa ya ukutani nayo haiwezi kunyamaza. Lakini vile vidude vya kutafutia kamera vya bei rahisi vinalia kwa kila kitu, ruta, simu yako, hata taa. Zima taa, washa tochi, kagua vitobo vinavyong'aa kwenye vitu vinavyotazama kitanda na bafu. Ukikuta saa mbili chumba kimoja, jiulize ya pili inasoma nini. Airbnb walipiga marufuku kamera za ndani kwenye nyumba zao zote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Gesti za mtaani hazina aliyezitangazia hivyo.

Basi niogope kipi kwanza?

Fundi. Nasema hivyo nikiwa fundi.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu alifungiwa kamera mbili dukani kwake na kijana wa kampuni moja, mimi nikiwa safarini. Niliporudi nilifungua mashine, nikajaribu jina la mtumiaji "admin" na namba moja hadi sita. Ikafunguka. Ndani nikakuta simu tatu zimeunganishwa: ya ndugu yangu, ya mkewe, na ya tatu isiyojulikana. Nilimpigia yule kijana, akasema kwa upole kabisa, "Ile ya kwangu bro, ya matengenezo." Alikuwa akiliangalia duka kwa miezi saba. Hakuhitaji antena.

Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilizunguka dunia kikijaribu orodha ya majina na paswedi za kiwandani 60 hivi kwenye kamera na ruta. Hakikuwa na ujanja wowote zaidi ya hapo, na kilikusanya vifaa mamia ya maelfu.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Badilisha paswedi wewe mwenyewe, fundi akiwa ameshaondoka. Angalia orodha ya simu zilizounganishwa, futa usiyoijua, hata kama ni yangu. Kisha ndipo uje kwenye mahali pa kamera: mbali na ukuta wa kuchangia, isitazame kitanda, bafu wala skrini yako ya kazi. Antena inanasa kile tu ambacho kamera inakiona. Isichokiona hakina wa kukinasa.

Wewe nyumbani kwako umefunga wapi?

Moja, nje, kwenye nguzo ya geti, inatazama pikipiki. Ndani hakuna. Nilileta wazo hilo mwaka 2019, mke wangu akaniuliza nani atakuwa anaangalia hizo picha. Nikasema mimi. Akasema, "Basi si uwe unarudi mapema uangalie mwenyewe?"